Leza ya pete inakufa kila mchana? Saketi baadaye bana

Juzi dogo mmoja anasoma Ujerumani kanitumia meseji, kaka shikamoo, leza yangu ya pete (ile mwanga wake unazunguka kwa vioo kwenye njia iliyofungwa) asubuhi imetulia, ikifika mchana mapigo, yaani vipande vifupi vya mwanga, yanakufa, ninunue saketi gani ya kuidhibiti? Mimi nipo Sinza, umeme umekatika, nikacheka mwenyewe.

Maana na mimi nilipokuwa nasoma nje nilikabidhiwa leza ya namna hiyohiyo, ya fuwele ya titanium safaya, mapigo mawili ya femtosekunde, mafupi kupita kiasi, yanazunguka kila moja kinyume cha mwenzake, lengo kupima kasi ambayo meza yenyewe inazungushwa. Msimamizi mmoja akasema mbele ya wenzangu eti mtu wa Dar atajua nini kuhusu joto la chumba. Asee. Mtu niliyekulia Kariakoo chini ya bati na feni inayopuliza joto! Sijasahau na sina mpango wa kusahau.

Nikapiga hesabu. Bamba la aluminiamu lenye pete ya mita 3, joto likipanda nyuzi 1 tu, pete inarefuka karibu maikromita 70, na wimbi lenyewe ni nanomita 800 hivi, yaani mawimbi zaidi ya 80 yameongezeka njiani. Halafu kiyoyozi kinapuliza pale pale juu ya meza na wanashangaa! Nikaifunika yote kwa boksi, nikageuza kiyoyozi, leza ya kijani inayoilisha nikaiacha iwake hadi itulie. Mchana mapigo yapo. Msimamizi akapita, kimya.

Uzuri wa hii kitu, mapigo yote mawili yanapita njia moja, kama daladala za kwenda na kurudi kwenye barabara moja, shimo linazirusha zote, ukitoa moja kwa nyingine mtikisiko mwingi unajifuta na tofauti aliyoionyesha mwanafizikia Mfaransa Sagnac mwaka 1913, kati ya mwanga unaofuata mzunguko na unaokwenda kinyume nao, inabaki. Ila angalia yanapokutana. Ni sehemu mbili tu kwenye pete, na moja ikiangukia kwenye kioo chenye vumbi basi mwanga wa huyu unarudi kwa mwenzake, masafa (frequency) ya mapigo yote mawili yanashikana, ukizungusha taratibu unasoma sifuri. Sogeza makutano yawe hewani.

Vijana mnapenda vifaa vya bei, mnataka muonekane mmeagiza mzigo. Funika kwanza. Safisha vioo. Funika, narudia!

Dogo kafunika kwa maboksi ya kawaida, mchana imeshika. Sasa ndio afunge saketi yake ya kusukuma kioo kwa piezo (kifaa kinachosogea kidogo kikipewa umeme), maana piezo inayosogea maikromita chache ingezifukuza vipi zile 70?