Swali la msomaji: Bodø/Glimt waliongoza kundi, mbona hawakupanda daraja?

SWALI: Naona kwenye kumbukumbu kwamba Bodø/Glimt ya Norwe ilimaliza kileleni mwa kundi lake la daraja la pili mwaka 1974, na tena 1975, lakini ikabaki palepale. Walikatwa pointi? Na ule mkwaju (/) kwenye jina lao ni wa nini? – Msomaji, Tabora

JIBU: Hawakukatwa hata pointi moja, ndugu yangu. Kilichowakwamisha ni kanuni.

Kwanza tuweke majina sawa, maana hapa wengi hujikwaa. Enzi hizo ligi ya juu kabisa Norwe iliitwa daraja la kwanza. Leo jina hilo wamelishusha kwa ligi ya pili, na ile ya juu inaitwa Eliteserien. Kwa hiyo "daraja la pili" uliloliona ni hatua moja tu chini ya ligi kuu.

Daraja hilo lilikuwa na makundi matatu: mawili ya kusini na moja la kaskazini. Bingwa wa kila kundi la kusini alipanda moja kwa moja. Bingwa wa kaskazini hakupewa nafasi hiyo. Yeye alipelekwa kwenye mchujo, akapambane na timu zilizoshika nafasi ya pili kusini. Yaani umeshinda ligi yako, halafu unawekwa mizani moja na walioshindwa kwenye zao. Glimt waliingia mchujo huo 1974 wakatoka mikono mitupu, wakarudi 1975 yakawa yaleyale. Walipenya 1976, jaribio la tatu.

Kisa chake ni imani ya zamani kwamba timu za kaskazini haziwezi kwenda sambamba na za kusini. Klabu hii ilianzishwa 1916, lakini timu za kaskazini zilikuja kuruhusiwa kucheza Kombe la Norwe mwaka 1963. Kabla ya hapo walikuwa wakigombea kombe lao wenyewe la kanda. Jiografia nayo si ya kubeza: mji wa Bodø uko juu ya mstari wa Aktiki, kaskazini ya mbali ya dunia, na reli iliufikia 1962 tu. Lakini umbali hauelezi kwa nini bingwa apewe mtihani wa ziada. Kwangu mimi huo ulikuwa upendeleo, basi. Mlango haukufungwa kabisa, maana Mjølner ya Narvik iliupita na kucheza ligi ya juu 1972, ila ulikuwa mwembamba mno. Wachezaji wazuri wa kaskazini walizoea kufunga virago kwenda kusini kutafuta nafasi.

Sasa tazama huo mwaka 1975. Timu iliyoambiwa haijatosha kupanda ndiyo hiyohiyo iliyobeba Kombe la Norwe, ikiichapa Vard 2-0 kwenye fainali. Ikiwa bado daraja la pili, ikapata tiketi ya Kombe la Washindi Ulaya na kupangiwa Napoli. Na ilipofika ligi ya juu, msimu wake wa kwanza, 1977, ilimaliza ya pili na kufika tena fainali ya kombe. Lillestrøm ndio waliochukua vyote viwili. Ukitaka kupima ile hoja ya "hawatoshi", pimia hapo.

Ubingwa wa ligi ulikuja 2020: mechi 30, pointi 81, mabao 103, kipigo kimoja. Hakuna timu ya kaskazini iliyokuwa imewahi kuuchukua.

Kuhusu mkwaju: mwanzoni walijiita Glimt tu, neno linalomaanisha mmweko. Kumbe huko Trøndelag, eneo jingine la Norwe, kulikuwa na Glimt nyingine, ndipo mwaka 1948 wakatanguliza jina la mji wao ili wasichanganywe; mkwaju unatenganisha tu majina hayo mawili.