Niliambiwa Waha na Warundi ni Walewale: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Sheria za Ubaguzi

SWALI: Mheshimiwa Wakili, shikamoo. Nilizaliwa Kasulu, mkoani Kigoma, na sasa ninaishi Igoma hapa Mwanza. Wiki tatu zilizopita niliitwa kwenye usaili wa kazi ya ukarani katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Msimamizi aliposoma jina langu la ukoo aliniuliza kama mimi ni Muha, nami nikakubali. Akasema, mbele ya waombaji wenzangu wawili, kwamba Waha na Warundi ni walewale na kwamba kazi ile si ya wageni. Nilipomwonyesha kitambulisho cha Taifa alicheka na kusema ni utani tu, lakini kazi sikupewa. Je, ninaweza kulalamika popote, ilhali sijawahi kuwa mfanyakazi wao? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Unaweza, na una muda, ila muda huo unahesabika.

Wengi wakibaguliwa hukimbilia kutaja Katiba, na si vibaya, kwa kuwa Ibara ya 13 inapiga marufuku ubaguzi wa utaifa, kabila, mahali mtu alipotoka, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia au hali ya maisha. Lakini ukiisoma kwa makini ibara ndogo ya 4, utaona kwamba inamlenga hasa mtu au mamlaka inayotekeleza madaraka chini ya sheria au shughuli za Mamlaka ya Nchi. Mwenye kiwanda binafsi atasema yeye si mamlaka ya nchi. Nchi yetu haina sheria moja inayokusanya ubaguzi wa kila namna mahali pamoja, na kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu unamlazimisha mtu aliyeumizwa kwanza ajue mlango ulio wake ndipo abishe hodi.

Mlango wako ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 7 kinamkataza mwajiri kubagua, waziwazi au kwa njia ya kuzunguka, kwa misingi mingi ikiwamo kabila, mahali pa asili, utaifa na rangi, na kifungu hichohicho kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa mfanyakazi kwa madhumuni hayo. Kwa hiyo kutokuajiriwa hakukuondolei haki. Tena ukishaonyesha dalili za kutosha kwamba ulibaguliwa, mzigo wa kuthibitisha humwangukia mwajiri: yeye ndiye atakayepaswa kueleza kwamba jambo hilo halikutokea, au kwamba uliachwa kwa sababu nyingine kabisa. Wale waombaji wawili waliosikia maneno hayo ni mashahidi wako. Watafute sasa, kabla hawajahama.

Malalamiko yapelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi hapa Mwanza. Utajaza fomu ya kuwasilisha mgogoro na kumpatia mwajiri nakala yake. Kwa mgogoro usiohusu kuachishwa kazi, kanuni za mwaka 2007 zinatoa siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Wewe umekwisha kutumia kama 21. Shauri huanza kwa usuluhishi, na pande mbili zisipoafikiana linaweza kusonga mbele hadi Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Sasa hilo neno utani. Sisi tuliokulia kando ya ziwa tunaujua utani wa makabila na tunauthamini, kwa sababu watani huzikana, hutaniana msibani na kusaidiana kwenye shida, na kila upande unajua zamu yake itafika. Anayekunyima riziki huku akicheka hajakutania, kwa kuwa wewe huna nafasi ya kumrudishia. Na hata kama mwombaji angekuwa Mrundi kweli, mwajiri angeweza kumdai kibali cha kazi kama sheria inavyotaka. Kumdharau kwa asili yake hakumo katika kibali chochote.

Usiogope kwamba mahakama hazitamsikiliza mtu wa kawaida. Mwaka 1990, Mahakama Kuu hapahapa Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, iliamua shauri la mwanamke wa Muleba aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, ilhali mila ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Wakati ule neno jinsia halikuwamo katika tafsiri ya ubaguzi kwenye Katiba, liliongezwa mwaka 2000, lakini Jaji aliamua kwamba mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya usawa wa binadamu. Shauri hilo lilianzia mahakama ya mwanzo.

SWALI: Babu yangu alitoka India, baba yangu na mimi tumezaliwa Mwanza. Katika kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa mtaa wetu kuna mtu anayenitukana kwa rangi yangu na kuniambia nirudi kwetu. Nifanye nini? (Msomaji, Nyamagana)

JIBU: Ndugu yangu, kwenu ni hapa, na hoja hiyo ilijadiliwa bungeni hata kabla ya Uhuru: Oktoba 1961 Mwalimu Nyerere alikataa katakata uraia wa Tanganyika utolewe kwa kigezo cha rangi. Mwaka 1972 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya matusi ya kibaguzi yanayotumwa kwa kompyuta au simu kuwa kosa la jinai.

Unaweza pia kulalamika, bila malipo, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye ofisi Mwanza. Tume hiyo huchunguza, husuluhisha na kutoa mapendekezo; haimfungi mtu. Kwa kosa la jinai nenda polisi. Usifute ujumbe wowote wala usijitoe kwenye kundi kabla hujaripoti, nenda na simu yenyewe, na usiondoke kituoni bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi.