Choo Kikibadilika, Usianzie Farmasi

Wiki hii nimechagua barua sita za vijana wa Bukavu, kwa sababu zote zinagusa jambo ambalo sijaacha kulisemea tangu nilipoanza uuguzi: choo kinapobadilika, watu wetu hununua dawa kwanza na kuuliza baadaye.

Mama Muuguzi, nina miaka 21 na napata choo mara moja kila baada ya siku mbili. Je, uchafu haugeuki sumu mwilini? (Mwanafunzi, Ibanda)

Haugeuki. Kuna mtu mzima anayekwenda haja kubwa mara tatu kwa siku na mwingine mara tatu kwa wiki, na wote wawili ni wazima. Jilinganishe na desturi yako mwenyewe: ikiwa imekuwa hivyo tangu utoto, tulia, lakini ikiwa imegeuka na kudumu majuma matatu au manne, nenda kituo cha afya.

Maabara imenikuta na amiba mara tano mwaka huu. Kila mara nameza metronidazole, nafuu inakuja kidogo, kisha tumbo linarudia kunguruma, mara nahara, mara nafunga choo. Kuna dawa yenye nguvu zaidi? (Kijana, Kadutu)

Swali hili limekwisha kuletwa hapa mara nyingi, na linaniumiza kila linaporudi, kwa sababu anayeuliza huwa tayari amemeza vidonge ambavyo pengine hakuvihitaji. Amiba, yaani kijidudu cha tumboni, si ya aina moja. Iko inayotoboa utumbo na kuleta kuhara damu, na iko nyingine inayofanana nayo kabisa chini ya darubini lakini haimdhuru mtu. Wataalamu walizitenganisha rasmi mwaka 1993, ila karatasi nyingi za maabara bado zinaandika neno moja tu, amiba. Mtaalamu wa maabara huwa na hakika zaidi anapoiona amiba ikitembea na ikiwa imemeza chembe nyekundu za damu, na kwa hilo anahitaji choo kibichi kilichofika mezani kwake ndani ya nusu saa hivi, wala si kile ulichokihifadhi tangu alfajiri ukakileta saa sita. Tena kipimo hicho hufanywa kabla ya dawa, si baada ya kumeza nusu ya pakiti.

Metronidazole ikirudiwa-rudiwa inaweza kudhuru mishipa ya fahamu, ukaanza kuhisi ganzi na michomo miguuni. Nawaomba na wauzaji wa farmasi, ambao wengi wao ni watu wa nia njema, waache kuitoa kwa kila kijana anayeshika tumbo.

Hali kama yako, ikiwa na maumivu yanayoambatana na choo, yanayorudi angalau siku moja kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, huku choo kikibadilika-badilika, mara nyingi ni utumbo wenye hisia kali. Ni ugonjwa wa kweli, ingawa hauonekani katika darubini, na huchochewa na hofu, usingizi mbovu na kula ovyo, mambo ambayo vijana wa mji huu wameyabeba kwa wingi. Usijihukumie mwenyewe kwamba ndio huo. Mganga wa hospitali ndiye atakayehakikisha kwanza kwamba si magonjwa mengine, ikiwa ni pamoja na virusi vya UKIMWI pale kuhara kunapopita mwezi mzima. Wakati huo kula kwa saa zilizopangwa na uandike siku ambazo tumbo lilikusumbua na ulichokula. Bugali wa muhogo peke yake hauna nyuzinyuzi za kutosha kulainisha choo, kwa hiyo usile bila mboga za sombe au lengalenga, au maharagi, ingawa maharagi mengi kwa mara moja yatakuzidishia gesi.

Kila nikinywa maziwa naharisha, lakini jibini la Masisi halinidhuru. Kwa nini? (Dada, Bagira)

Utumbo wa watu wazima wengi hauwezi kusaga sukari ya maziwa, na jibini lililokomaa lina kiasi kidogo sana cha sukari hiyo. Punguza maziwa, endelea na jibini.

Tangu jana naharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, na natapika. Nifanye nini? (Nguba)

Barua ya namna hii haipaswi kuandikwa kamwe. Hiyo ni dalili ya kipindupindu, na kinaweza kumuua kijana mwenye nguvu kwa saa chache. Anza kunywa papo hapo lita moja ya maji safi yaliyotiwa vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, na uendelee kunywa ukiwa njiani kwenda hospitali. Usimeze dawa ya kufunga kuhara.

Nina miaka 28. Miezi miwili sasa naona damu kwenye karatasi ya chooni. Rafiki zangu wanasema ni bawasiri. Niamini? (Papa wa mtoto mmoja, Kadutu)

Inawezekana kuwa bawasiri, na kwa umri wako ndiyo sababu ya kawaida, pamoja na mchubuko unaoletwa na choo kigumu. Lakini rafiki zako hawakukupima. Saratani ya utumbo mpana bado huwapata wazee zaidi, hata hivyo katika nchi kadhaa imekuwa ikiongezeka kwa watu wasiofikia miaka 50, na ndiyo maana mwaka 2021 wataalamu wa Marekani waliteremsha umri wa kuanza uchunguzi kutoka miaka 50 hadi 45. Mwigizaji Chadwick Boseman, ambaye vijana wengi wanaijua sura yake, aliambiwa ana ugonjwa huo mwaka 2016 akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 ulitaja dalili nne zilizotangulia ugonjwa huo kwa watu wa chini ya miaka 50: maumivu ya tumbo, damu katika haja kubwa, kuhara, na upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma.

Mganga wa hospitali atakupima kwa kidole katika njia ya haja kubwa, kazi ya dakika moja ambayo vijana wanaikataa kwa aibu. Ikubali. Ukiwa pia umekonda, au tumbo linakuamsha usiku, au mzazi wako aliugua saratani hiyo, mwambie bila kungoja kuulizwa. Choo cheusi kama lami, chenye harufu kali, ni jambo la kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hasa kwa wanaomeza dawa za maumivu kama ibuprofen au diclofenac kila wiki. Vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya cheusi, ila bila hatari.

Shangazi anataka kunisafisha tumbo kwa maji ya majani, kwa mpira unaoingizwa njia ya haja kubwa, kila Jumamosi. (Msichana wa miaka 19)

Mkatalie kwa heshima. Nimewaona waliounguzwa utumbo kwa majani makali, na mpira ukisukumwa vibaya unaweza kuutoboa. Utumbo unajisafisha wenyewe.

Msichana huyo ameongeza kwamba anaona haya kumweleza muuguzi wa kituo chao, ambaye ni jirani yao. Mwanangu, omba kuonana na muuguzi mwingine, na umweleze mambo manne tu: ni mara ngapi kwa siku au kwa wiki, kigumu au cha maji, kina damu au hakina, na tangu lini.