Kopo Jipya, Jina Lile Lile

SWALI: Ndugu Mhariri, nina leseni ya bunduki ya shabaha na hujijazia risasi mwenyewe. Kopo la baruti niliyoizoea lilipoisha nilinunua jingine la jina lile lile, nikapima uzani ule ule, lakini maganda mawili yalinata katika chemba. Mizani nimeikagua, haina kasoro. Kuna mtu pia ananishawishi ninunue baruti ya kupakua, isiyo katika kopo la kiwandani, kwa bei nafuu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, ganda linalonata aghalabu ni dalili ya shinikizo lililopita kiasi, kwa hiyo usipige hata moja kati ya risasi zilizobaki. Zifungue, kisha linganisha namba za fungu, yaani za mkupuo wa baruti iliyotengenezwa pamoja kiwandani, zilizochapwa kwenye makopo yote mawili. Nadhani utakuta zinatofautiana. Baruti isiyo na moshi hutokana na nitroselulosi, ambayo asili yake ni pamba au massa ya mbao, na kila fungu hutofautiana kidogo na jingine. Kiwanda huchanganya yenye kuwaka haraka na yenye kuwaka polepole ili ile ya rejareja isitoke nje ya kiwango, lakini tofauti haiishi kabisa, na anayejaza karibu na ukomo, yaani kipimo cha juu kabisa kinachoruhusiwa, ndiye huiona kwanza. Ufunguapo fungu jipya, rudi kwenye kipimo cha kuanzia cha kitabu cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi huwa asilimia 10 chini ya ukomo, ndipo upande kidogo kidogo ukichunguza maganda.

Baruti ya kupakua iache. Utaambiwa kwamba Bruce Hodgdon wa Marekani alianza biashara yake kwa baruti ya ziada ya jeshi baada ya Vita Kuu ya Pili, na ni kweli, lakini ile ilijulikana ilikotoka. Hii haina namba wala historia, na rangi au umbo la punje havitambulishi aina yake. Harufu kali ya asidi na vumbi la kahawia-jekundu vitakuonyesha kuwa imeoza. Ikiwa nzima, hakuna kitakachokuonyesha kasi yake ya kuwaka. Viwanda vya risasi huweza kutumia baruti ya jumla inayobadilika zaidi kwa sababu vina mitutu ya kupimia shinikizo.

Nunua kwa muuzaji mwenye kibali makopo kadhaa ya fungu moja, uyahifadhi yakiwa na lebo zake mahali pakavu pasipo joto, na masalio ya kopo la zamani usiyamimine katika jipya.