Bili ya maji kiwandani: kabla hujakimbilia kisima

Kazi yangu ni ufundi wa boila na mabomba, Chang'ombe na viwanda vya kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Wenye viwanda vidogo huniuliza jambo lilelile: "Fundi, bili ya maji inatumaliza, tuchimbe kisima?"

Funga dira za maji (mita) kwanza. Ile ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hapo getini inakuonyesha deni tu. Weka nyingine ndogo kwenye boila, kwenye kuoshea chupa, na vyooni. Mpira wa kuoshea sakafu unaotoa lita 10 kwa dakika, ukiachwa wazi usiku na mchana, unamwaga lita 14,400. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo hizo ni zaidi ya uniti 14, na sakafu yenyewe bado chafu.

Halafu angalia mvuke wa boila. Ukishapoa unarudi kuwa maji, tena ya moto na safi. Ukiyaachia yaende mtaroni, umemwaga na dawa ya kulainishia maji, pamoja na gesi au kuni ulizochemshia. Yarudishe kwenye tangi la boila. Kwa hili mimi naitetea tozo ya maji, yaani bei tunayolipa kwa kila uniti, hata wateja wangu wakininunia: maji yangekuwa bure, hakuna bosi angekubali kununua bomba la kurudishia.

Kisima nacho si cha bure. Kwa sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009, kiwanda kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na ada hulipwa. Kuna umeme wa pampu. Kuna na chumvi, hasa ukiwa karibu na bahari. Ukoko ukishashika mabomba ya boila, mafuta yanaliwa na joto halifiki. Na wateja wakubwa wakikimbilia visima, gharama za mitambo ya DAWASA ya kusafisha maji ya mto Ruvu hazipungui. Zinabaki kwa mama wa Tandale, mtaa wa watu wa kipato kidogo.

Mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipopungua na mgao ukaanza, waliokuwa wanarudisha maji yao na kuyatumia tena walihitaji maboza machache (malori ya maji). Bei ya boza unaijua.

Je, bei ya maji ikipanda, mzigo umrushie mnunuzi wa bidhaa zako? Kama washindani wako wote wako hapa mjini na wanalipa tozo ileile, bei ya bidhaa itapanda kwenu nyote. Ukishindana na sabuni ya kutoka nje, utaubeba mwenyewe. Kwa hiyo EWURA, wanaodhibiti bei za maji na nishati, wakiita wadau kutoa maoni, nenda. Usipoteze muda kuomba bei ya maji isipande kabisa. Omba ipande kwa hatua zilizotangazwa mapema, upate nafasi ya kununua pampu na matangi.