Ukiandikia matarumbeta na ngoma, wape watu pumzi

Vijana wanaotungia kwaya za tarumbeta hapa Dodoma huniletea kazi zao nizipitie, na nyingi zina ugonjwa mmoja: kila ala inapiga kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Naelewa inakotoka. Tunachukua wimbo wa kwaya, soprano tunaipa tarumbeta ya kwanza, besi tunaipa tuba, ile ala kubwa ya sauti nzito, basi, kazi imekwisha. Lakini mwimbaji hapigi kwa midomo. Mpiga tarumbeta ukimning'iniza kwenye sauti za juu beti tatu mfululizo, midomo inalegea, sauti inashuka, halafu mtunzi anamnunia yeye.

Kabla hujaandika tena, tafuta Fanfare for the Common Man, yaani mbiu ya mwananchi wa kawaida, ya Mmarekani Aaron Copland uisikilize. Aliitunga mwaka 1942, wakati wa vita, baada ya Eugene Goossens, kondakta wa orkestra ya Cincinnati, kuwaomba watunzi vipande vifupi vya kufungulia matamasha. Ilipigwa mara ya kwanza tarehe 12 Machi 1943, msimu wa kodi ya mapato kule kwao, na Copland alilipenda hilo: mwananchi wa kawaida aheshimiwe wakati anapokamuliwa. Wafanyabiashara wa Soko la Majengo wangemwelewa.

Ni dakika tatu hivi tu. Ala zake ni honi 4 (ala za shaba zilizoviringwa), tarumbeta 3, tromboni 3, tuba 1, timpani (ngoma za umbo la sufuria), ngoma kubwa na tam-tam, yaani lile sahani kubwa la shaba linalotundikwa. Inaanza na ngoma na sahani peke yake. Pigo, mwangwi unafifia, pigo tena. Ndipo tarumbeta zinaingia zote kwa sauti moja, bila wa kuzisindikiza. Honi zinafuata. Tromboni na tuba bado ziko kimya, na ngoma zinarudi kusema neno lao kabla hazijaingia. Isikilize mara ya pili ukimfuatilia mpiga tuba tu, uone anavyokaa muda mrefu na ala mapajani. Hajanyimwa kazi. Uzito wa pale anapoingia umetokana na kule kusubiri.

Kuhusu ngoma, huna haja ya kwenda Marekani. Nenda Chamwino uwatazame wanawake wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma zimebanwa katikati ya mapaja. Pale ngoma inasema na inajibiwa. Sisi kwenye bendi ngoma kubwa tunaipa kazi ya kuhesabia miguu ya maandamano, basi. Mwachie mpiga ngoma walau baa mbili (vipande vya mapigo) zake mwenyewe, wengine wote wanyamaze.

Jambo jingine ninalolipenda sana: waambie wapiga tarumbeta wasibonyeze pistoni (vitufe vya tarumbeta) hata moja, wabadilishe midomo tu. Utapata do, mi, sol, kisha si bemol iliyoshuka kidogo ambayo piano haina, do ya juu, re. Uimbaji wa Kigogo unaegemea sauti za namna hiyohiyo. Ukijenga wimbo wako juu ya hizo, ala zenyewe zinakusaidia, na wazee walioketi nyuma watageuza shingo.

Ya kawaida nayapitia haraka. Asubuhi ya Juni hapa ni baridi na sauti za ala zinashuka. Mchana wa Oktoba zinapanda. Zipasheni moto kwanza kwa kupuliza, ndipo mlinganishe sauti. Vumbi letu linagandisha pistoni, kwa hiyo zifutwe na kupakwa mafuta yake maalumu, si ya kupikia tafadhali.

Rasimu ikikamilika, chukua kalamu nyekundu ufuate mstari wa tarumbeta ya kwanza peke yake. Palipo na baa nane za juu bila pumziko, kata, mpe tarumbeta ya pili nusu yake. Atashukuru, maana tangu ajiunge na kwaya hajawahi kupewa sauti ya kuongoza.