Kuvunja ukuta wa jikoni kwenye fleti yako bila kamati ya wamiliki wa jengo kujua?

Usithubutu ndugu yangu, rangi paka tu hakuna atakayekuuliza, ila huo ukuta kati ya jikoni na sebule huenda ndio umebeba slabu (sakafu ya zege) ya jirani wa juu, kwa hiyo kamati ya wamiliki itataka barua ya injinia. Na bafu pia, ukibandua vigae unagusa tabaka ya kuzuia maji, yakivuja kwa jirani wa chini gharama ni juu yako. Mimi nilipeleka ombi la maneno matupu likakaa miezi miwili, nikarudi na mchoro, jina la fundi na saa za kugonga nyundo (hilo ndo liliwatuliza), wakapitisha kikao kilekile. Halafu dai jibu la maandishi bana, ile "sawa tu" ya mwenyekiti mkikutana kwenye ngazi haihesabiki.